Mgeni Nyumbani kwa Mume Wangu

Watu wa Karatu walimtania mume wangu hadi uzeeni kwa Kiswahili chake. Walisema ni Mwiraqw wa kwanza kuzungumza kama mama wa Same anayeuza tangawizi. Nilicheka pamoja nao, maana Kiswahili hicho alijifunza upya kutoka kinywani mwangu, akiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi Karatu miaka ya sabini, binti wa Kipare niliyezoea jua kali. Yeye aliendesha trekta katika shamba la ngano. Kiiraqw sikukijua hata neno la kuombea maji, na sikujisumbua nacho, kwa kuwa Kiswahili chake cha shule kilitutosha. Kila tulichowahi kuambiana, ugomvi na mahaba, tuliambiana kwa Kiswahili.

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu trekta lilipinduka kwenye mteremko, akaumia vibaya kichwani. Alilala hospitali wiki nyingi. Alipoanza tena kusema, alisema Kiiraqw tu. Kiswahili kilikuwa kimefutika, na miaka yote aliyoishi nami ilikwenda nacho. Alimtambua mama yake. Ng'ombe wa utotoni mwake aliwataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Mimi nilipoingia wodini, alijiinua kitandani kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni. Niliumia sana. Nilitamani hata anitukane, mradi ajue anamtukana nani. Lakini daktari alituonya tusimlazimishe kukumbuka, kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba mimi ni mkewe.

Tukahamia kwa mama mkwe, Endabash, nami nikapata nafasi katika shule ya pale. Leo nikikumbuka nyumba ile moyo hulainika: moshi wa asubuhi, ukungu uliogoma kuondoka hadi saa nne, ndama aliyelala ndani pamoja nasi akipumua kwa nguvu kuliko watu. Wakati ule nilivichukia vyote, ndama kwanza.

Mama mkwe ndiye alikuwa mkalimani wetu. Kiswahili chake alikiokota mnadani na kanisani, kikamtosha kununua chumvi na kusali. Lakini mambo ya mume na mke yatapitaje kinywani mwa mama mkwe? Kwetu Upare na kwao vilevile, mkwe ni mtu wa heshima, kuna maneno hayasemwi mbele yake, sembuse kumtuma ayafikishe. Siku moja mume wangu alisema maneno mengi akinitazama nikichagua maharage ya mbegu. Mama akavuta shuka lake begani, akaangalia pembeni.

"Anasema maharage ya mwaka huu ni mazuri."

Sikuwa mjinga. Hakuna mwanamume anayezungumzia maharage kwa macho yale. Ila ningemlazimishaje mama wa watu?

Kaka yangu mkubwa alifunga safari kutoka Same kuja kutuona. Mume wangu alimkaribisha vizuri, kisha akauliza kupitia kwa mama kama amekuja kumchukua mgeni. Kaka akanivuta nje. Akasema, "Mdogo wangu, huyu hakujui. Rudi nyumbani, ungali kijana." Nilimwomba aniache hadi mavuno yaishe, akakubali, akasema akirudi atanikuta nimefunga mizigo. Kwa hiyo nilikuwa na msimu mmoja wa kujua kama bado nina mume.

Nikaamua kujifunza Kiiraqw. Mama alinifundisha tukikamua ng'ombe, na watoto wa jirani walinifundisha bure kwa kunicheka. Ile lugha ina sauti za kooni ambazo nilidhani zinahitaji koo la kuzaliwa nalo. Mwalimu mzima, nilikuwa nakohoa maneno na watoto wanaanguka kwa kicheko. Mimi si mtu wa subira, ningeweza kuacha hata siku ile ya kwanza. Lakini taratibu nikaanza kushika vitu: maji, njoo, ndama, kaa hapa. Kisha sentensi nzima zikaanza kunipitia masikioni zikiwa na maana.

Mavuno yalikuwa yanakaribia kwisha. Tulikuwa uani tunapura maharage, mama na mimi, mume wangu ameketi juani. Akamwambia mama yake jambo, bila wasiwasi, akidhani bado sisikii Kiiraqw. Nikasikia. Alikuwa anauliza kama yule mwanamke ameshaposwa, na kama bado, kwa nini mama hataki kutuma wazee kwao? Alilalamika kwamba ameuliza tangu wakati wa kupanda na hajibiwi.

Mama akageuka kwangu, tayari na habari za maharage.

"Mama, leo usinitafsirie," nilisema.

Nikamwambia mume wangu, kwa Kiiraqw changu cha kuchechemea, kwamba nilishaposwa, wazee walishafika kwetu, na aliyewatuma ni yeye. Akamtazama mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema anakwenda kumtafuta ndama, ingawa ndama alikuwa amefungwa mbele ya macho yetu.

Tukabaki wawili. Akaitazama mikono yangu. Kisha akaniuliza, polepole ili nielewe, kama siku ile nilikubali kwa moyo wangu au kwa kuwaheshimu wazee. Nilikuwa nalia. Nikamjibu kwamba ni kwa moyo wangu.

"Na sasa?" akauliza.