Doa la Kidole Kitabuni

Juzi, katika maktaba ya Ruangwa, ambayo makabati yake nimeyanunua mimi niliyeishia darasa la pili, nilimwona mtoto akifungua kitabu kwa vidole vichafu. Nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu kule Nachingwea, enzi za mkoloni.

Baba alikuwa akifagia maktaba ya Wazungu wa mradi wa karanga, ambako Mwafrika hakuruhusiwa kugusa kitabu. Mimi nikagusa. Kidole kikaacha doa jeusi. Nikaficha mikono makwapani, nikalia: kumbe weusi wangu unachafua, ndiyo maana tunakatazwa!

Baba akaninusa vidole, akacheka. "Mafuta ya korosho haya, bwana mdogo! Si umetoka kubangua? Rangi yako haitoki."

"Mbona wanatukataza, baba?"

"Roho zao tu. Wewe huna kosa."

Nilirudi nyumbani nikipunga mikono yote miwili.