Kisanduku cha Tatu

Xaveria wa Singe alikaa mapokezi ya chama cha wakulima, Babati mjini, miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo hakuna aliyepita mezani kwake bila kuandika jina, anakotoka na namba ya simu. Paroko aliandika. Mheshimiwa mmoja aliyekuja na msafara wa magari akajidai ana haraka, naye aliandika. Nyuma ya mgongo wake watu walimwita Mama Simu, naye alijua, na alijisikia vizuri.

Kisha meneja Fabiani akaleta mashine ya akili bandia. Seva ikawekwa chumba cha nyuma, yalipokuwa yakikaa magunia ya mbaazi, kioo kikasimamishwa mapokezi ili mkulima aandike swali lake na kujibiwa.

"Mama Ombeni," Fabiani akamwambia Xaveria, akimwita kwa jina la mwanawe, kwa upole wa kuudhi, "ikienda vizuri wiki mbili, tutakupumzisha."

Kupumzishwa! Nani alimwambia amechoka?

Jumanne mzee mmoja wa Maisaka akasimama mbele ya kioo. Kulikuwa na visanduku vitatu. Akaandika swali, akaandika anakotoka, akakwama. "Hiki cha tatu je?"

"Simu, baba," Xaveria akajibu bila kuinua kichwa. "Cha tatu siku zote ni simu."

Mzee akajaza tarakimu zake kumi, akabonyeza. Feni za chumba cha nyuma zikanguruma, kioo kikawa cheusi, na matawi yote ya chama yakakosa huduma kwa mpigo.

Mashine ilipowashwa upya, Xaveria alivaa miwani akaenda kuchungulia. Cha tatu kiliuliza: unataka majibu mangapi? Mzee wa watu alikuwa ameagiza majibu zaidi ya milioni mia saba, na mashine, badala ya kumwambia aache upuuzi, ilianza kuyatengea nafasi yote mpaka ikazimia. Xaveria akarudi kitini, akafunga mdomo, akacheka kimyakimya hadi machozi yakamtoka.

Hakuhitaji kufanya zaidi. Nusu ya Babati alishaifundisha mwenyewe kuandika simu. Jumatano mashine ilianguka mara nne, Alhamisi mara sita. Fabiani akampigia simu fundi wa Arusha, akamwambia wanashambuliwa na wahalifu wa mtandaoni. Wahalifu wenyewe walikuwa wamekaa kwenye benchi wanatafuna karanga.

Ijumaa akaja Naitira, mfugaji wa Simanjiro, vumbi la safari hadi kwenye kope.

"Shikamoo mama. Mbuzi yangu nakohoa, halafu nakufa. Kumi na moja tayari."

"Marahaba, mwanangu." Mahindi Xaveria aliyajua, mbaazi alizijua. Mbuzi hakuwajua, na kioo kilikuwa cheusi, maana kuna mtu alikuwa ametoka kuandika simu yake. Naitira akaketi sakafuni kusubiri bila kulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Xaveria. Angelalamika hata kidogo, ingekuwa rahisi kumnyamazia.

Mashine ilipoamka, Xaveria alimwandikia swali kwa mkono wake. Kisanduku cha tatu akaweka moja. Jibu likaja: huenda ni homa ya mapafu, wagonjwa watengwe leo hii, afisa mifugo aitwe haraka. Naitira akatoka mbio. Fabiani alikuwa amesimama mlangoni, ameiona ile moja.

"Kumbe tatizo unalijua."

"Tangu Jumanne."

"Ukanyamaza?"

"Si ulisema nipumzike?"

Fundi aliweka kikomo siku hiyohiyo: majibu matatu, ukizidisha mashine inakukatalia. Kazi ya dakika kumi, alisema, na waliotengeneza programu walipaswa kuifanya tangu mwanzo. Mashine haikuanguka tena.

Wiki mbili zilipotimia, Jumatatu, Fabiani akamkabidhi barua ya kumpumzisha. Ilikuwa na aya tatu, ikitaja miaka yake yote ishirini na miwili, hata uvumilivu wake, kitu ambacho Fabiani hakuwahi kukitamka. Xaveria akamuuliza nani ameiandika. Fabiani akatazama kioo.

Akaisoma tena, polepole, na ikamuuma sana, kwa sababu ilikuwa barua nzuri.