Kinywa cha Baba Baada ya Mionzi

Baba alirudi kutoka Nairobi, alikokuwa akitibiwa saratani ya koo kwa mionzi, akitembea vizuri tu. Ngozi ya shingo ndiyo ilikuwa imegeuka nyeusi, na aliongea kwa shida; tukadhani ni uchovu wa safari. Tukamshukuru Mungu. Mama alikuwa amemwekea mursik kwenye kibuyu tangu aliposikia anakuja, maana hayo maziwa yaliyolala hadi kuwa machachu Baba aliyapenda kuliko chakula chochote.

Akanywa funda moja. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Aliyatema maziwa sakafuni, akashika taya kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka mbele yetu sisi watoto wake. Baba, dalali wa ng'ombe aliyesikika soko zima la Chepilat!

Nilichukua tochi. "Fungua kidogo, Baba."

Ulimi ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi. Ndani ya mashavu kulikuwa na utando mweupe, na damu ikitoka kwenye ufizi.

"Wamemuunguza!" Mama akapiga kelele. "Hiyo mashine imemuunguza mume wangu!"

Nilikimbia kumwita jirani yetu, mama kutoka upande wa ziwa aliyekuwa nesi kwenye zahanati ya shamba la majani chai. Alitazama bila kushtuka, na hilo likanishtua zaidi.

"Hakuna mtu amekosea," akasema. "Mionzi hufanya hivi. Kwani hawakuwaambia?"

Hakuna aliyetuambia.

Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akakoroga chumvi kidogo na soda ya kuokea.

"Mzee, sukutua pole pole, halafu uteme. Kila ukimaliza kula, na kabla ya kulala. Maziwa lala, pilipili, ndimu, hapana. Mama, mpatie uji mwepesi uliopoa. Akishindwa kumeza hata maji, ama apate homa, mumpeleke hospitali mara moja."

Baba akasukutua, akatema maji mekundu. Kisha akanyoosha kikombe aongezwe.

Vidonda vilichukua wiki nyingi kufunga. Siku alipomaliza bakuli la uji bila kushika taya, Mama alitoka nje akalia peke yake.

Alipoanza kuongea vizuri, Baba alinisimulia kuhusu wenzake kule Nairobi. Walipokuwa wakingoja zamu kwenye benchi, waliomtangulia katika matibabu hawakuwa wakisemezana. Yeye alidhani ni huzuni tu. Kumbe vinywa vilikuwa vinawauma.