Jasho Chini ya Koti la Mvua

Mwanangu, asubuhi ile naikumbuka kwa baridi yake kabla ya kuikumbuka kwa damu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mvuvi wa Magara, nimekwenda kwenye milima ya juu ya Kizuka kumsaidia shemeji yangu Yasini, mume wa dada yangu. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yake. Nyama ile sisi Waislamu hatuili, lakini mahindi ndiyo yaliyolisha nyumba ya dada yangu, na wakulima wa kilima kile walikuwa wamekubaliana kuwinda pamoja, mkuu wao akijua.

Nilivaa kama nilivyozoea kuvaa ziwani: fulana ya pamba, shati la pamba, suruali ya jinzi, na juu ya vyote koti la mvua la plastiki, nimelifunga hadi shingoni. Kwetu ziwani mtu akilowa, jua humkausha akiwa kazini. Sikuwa nimewaza kwamba kuna mahali jua linaweza kukosa kutoka siku nzima.

Aliyetupanga alikuwa Mzee Barinabe, mkulima aliyeijua milima ile tangu ujana wake. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Weye mutu wa ziwa, koti hiyo utaifunga mpaka juu?"

"Mvua inakuja, mzee."

"Mvua iko mbali. Mulima ndio iko karibu. Vua koti, ubebe mukononi. Na hiyo shati toa, uvae hii." Akaninyooshea sweta lake la sufu, limetoboka viwiko, linanuka moshi na mbuzi.

Yasini akacheka. "Muache, mzee. Anaogopa mabinti wa huku watamukimbia."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. "Murakoze, mzee," nikamshukuru kwa Kirundi, "lakini mimi baridi hainishiki."

Ukweli ni kwamba nililionea haya sweta lile. Nimeona vijana wengi wakidanganywa na haya kuliko na ujinga, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulipanda kwa muda wa karibu saa mbili. Ndani ya plastiki nilipata joto kama mtu aliyekaa jikoni, nikajisifu moyoni kwamba nimevaa vizuri kuliko wote. Wenzangu walipanda wamefungua vifua, makoti yao mikononi. Tulipofika juu walijifuta jasho, wakavaa. Mimi sikuwa na cha kuongeza. Ukungu ukashuka, kisha mvua nyembamba na upepo.

Nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi. Wenye mbwa wangewatoa nguruwe kichakani. Yasini alikuwa bondeni, ameinama akishikilia vigingi vya wavu wa kuwanasia, mgongo wake ukielekea mlimani. Mimi nilikaa juu ya jiwe na filimbi. Nguruwe akitokea upande wa nyuma, nipulize, Yasini aondoke. Basi. Uhai wa mtu ulikuwa kwenye filimbi ile, nami niliitia mfukoni mwa shati, chini ya plastiki.

Tulingoja muda mrefu bila kusogea. Jasho lililokuwa joto likawa maji baridi mgongoni. Nilianza kutetemeka, kisha vidole vikafa ganzi. Nilimwona nguruwe dume akitoka upande ule ule niliowekwa kuulinda. Nikaingiza mkono mfukoni, vidole havikushika. Filimbi ikaanguka majanini. Nikataka kupiga kelele, lakini meno yalikuwa yakigongana, ikatoka sauti kama ya mtu anayekohoa. Yasini hakusikia.

Jino la nguruwe lilimpasua nyuma ya goti. Tulimfunga kwa kitenge, tukamlaza kwenye machela ya miti kumshusha barabarani. Aliponiona kando yake alisema tu, "Shemeji, mbona haukupiga?"

Alipona kidonda, lakini mguu haukukunjika tena sawasawa. Mlima ukamshinda. Shamba likalimwa na wengine, na dada yangu akahamia Rumonge mjini pamoja naye kuuza mawese.

Jioni ile Mzee Barinabe aliniketisha karibu na moto. Hakunigombeza kwa sauti. Alinivua koti, akakamua mkono wa shati langu, maji yakadondoka kwenye majivu.

"Unaona? Koti yako haina tundu. Hii si mvua. Hii iko jasho yako. Ulijilowesha weye mwenyewe, mutoto wangu."

Baadaye, kwa kuwa sipendi kuamini jambo bila kulipima, nililowesha shati la pamba na sweta la sufu, nikayakamua, nikavaa moja baada ya jingine asubuhi ya upepo. Pamba ilinigandisha. Sufu, ingawa mbichi, ilibaki na joto. Mzee alikuwa sahihi.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukienda kuwinda kwenye baridi, usivae pamba karibu na ngozi. Vaa sufu, hata iliyochakaa. Panda ukiwa unahisi baridi kidogo, koti likiwa mkononi. Ukifika, jifute, badilisha kilicholowa, ndipo uvae vizito, na koti la mvua liwe la mwisho, juu ya vyote. Beba soksi kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Funika kichwa. Unachokihitaji haraka kining'inize shingoni, nje ya nguo. Na mwenyeji wa mlima akikupa nguo inayonuka, pokea kwa mikono miwili, uivae mbele ya watu.

Usiseme baridi ni mateso yako peke yako. Mtu aliyeganda hawezi kumlinda mwenzake.

Mwenyezi Mungu akukinge na mvua ya nje na kiburi cha ndani, akulindie vidole vyako na sauti yako, na wale utakaotoka nao asubuhi warudi nawe jioni, wote, kwa miguu yao. Amin.