Mikono ya Cleotha Vann

Cleotha Vann alizaliwa Oklahoma, katika nyumba yenye sheria moja isiyo na mjadala: mtu hainui mikono. Mwaka 1921, wazungu walipouchoma mtaa wa weusi mjini Tulsa, baba yake, mzee Ezra, alitembezwa barabarani mikono juu, bunduki zao zikimwelekea mgongoni, nyumba yake ikiteketea. Tangu siku hiyo hakuinua mikono hata kanisani.

Mungu naye ana utani wake. Mtoto huyo wa kiume akatokea na kipaji cha kukamata ndama kwa kamba kutoka juu ya farasi, mchezo ambao ukishamwangusha mnyama na kumfunga miguu, lazima uinue mikono mwamuzi ajue umemaliza.

"Kafunge ndama shambani," Ezra alimwambia. "Hayo ya kusalimu amri mbele ya wazungu siji kuyatazama."

Kweli hakuja, miaka nenda miaka rudi. Cleotha alishinda mashindano ya weusi Boley, akashinda Okmulgee, akavaa mkanda wenye bamba la fedha kubwa kama kisahani cha chai. Lakini kwenye viwanja vya wazungu aliwekwa mwisho, watazamaji wakishaondoka, amebaki yeye na mwamuzi. Ndama wake huko walikuwa na tabia ya ajabu, walifunguka pale tu ambapo hakuna anayeona. Wizi wa mchana kweupe!

Mwaka 1958, ubingwa ukabakia kwenye ndama mmoja tu. Cleotha akamwendea baba yake.

"Baba, sitaki unipigie makofi. Nataka shahidi."

Siku ilipofika, Ezra alikuwa amekaa kwenye mabenchi ya weusi, na kuku wa kukaanga mapajani. Wazungu walipoondoka, askari mmoja akaja kumwambia onyesho limekwisha.

"Nimelipa kiingilio," Ezra akasema, akatafuna. "Siondoki."

Benchi zima likabaki.

Cleotha akarusha kamba, akaruka chini, akamlaza ndama, akamfunga, akainua mikono. Akarudi juu ya farasi, akailegeza kamba. Sasa ndama alipaswa kubaki amefungwa sekunde sita. Mwamuzi akatazama saa, akatazama tena, akingoja mnyama afunguke.

"Moja!" Ezra akapaza sauti.

"Mbili!" mabenchi yakaitikia.

Wakafika sita. Mwamuzi hashushi bendera ya kumaliza. Saba. Tisa. Kumi na mbili. Ndama alirusha mateke mpaka akachoka, fundo halikulegea.

Hapo Cleotha akainua mikono mara ya pili, na hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo.

"Basi, imetosha!" mwamuzi akafoka, akashusha bendera. "Umeshinda. Shusha mikono, kijana."

Kijana mwenyewe alikuwa na watoto watatu.

"Usishushe!" Ezra alikuwa amesimama juu ya benchi, kuku wote chini, na mikono yake mwenyewe ilikuwa juu, hajui hata imepandaje. "Iache hukohuko, mwanangu! Waione!"

"Sina haraka, baba," Cleotha akasema.