Mikoko ya Dhakira

Mwanahamisi aliomba ruhusa ya kwenda Pangani kumwona mama yake mgonjwa, akapewa safari ya mtumbwi.

Ilikuwa mwaka 2013, na alikuwa mwaka wa pili akifanya kazi za ndani kwa Madam Hessa, kule Al Wukair, katika nchi ya Waarabu. Madam hakuwa mtu mbaya. Alipomkuta anapiga pasi huku machozi yanamdondoka, alimwambia, "Ijumaa twende wote Dhakira ukapunge upepo. Kuna mikoko, kama ile uliyonisimulia ya kwenu."

Wakaondoka asubuhi kuelekea kaskazini, wao wawili na Lulwa, binti wa Madam. Ufukweni walimkuta Philip, Mkenya aliyekuwa akitembeza wageni kwa mitumbwi ya plastiki. Akamfunga Mwanahamisi jaketi la kuokolea juu ya baibui lake.

"Usiogope, dada. Hapa maji si mingi. Ukianguka unasimama tu."

"Siogopi maji," alimjibu.

Lulwa akapanda na Philip. Madam akakaa mbele kwenye mtumbwi wa pili, Mwanahamisi nyuma akipiga kafi. Waliingia kwenye mkondo mwembamba, matawi yakiwagusa mabega, kaa wakikimbilia matundu yao. Tope lilinuka vilevile kama la Pangani, na hilo ndilo lililomchoma moyo. Mbele mkondo ulifunguka, wakawaona heroe wamesimama kwenye kina kifupi, warefu, mbawa zina rangi ya waridi, vichwa wamevizamisha wanachuja tope. Madam akaziba mdomo kwa furaha.

"Umeona, Mwana? Nimekuletea kwenu hapahapa."

Mwanahamisi akaacha kupiga kafi.

"Madam, mama hawezi kumeza hata uji. Dada kanipigia jana. Naomba baba Lulwa anisainie kibali cha kutoka nchini. Wiki mbili tu, nitarudi."

Madam hakugeuka. "Aliyekutangulia naye alisema wiki mbili. Nilimlilia baba Lulwa mpaka akasaini. Hakurudi."

"Mimi siyo yeye."

"Najua. Lakini safari hii hatasaini."

"Umeshamuuliza?"

Madam akaendelea kuwatazama ndege. Lulwa alipiga kelele, na heroe wote wakaruka kwa pamoja, wakapita juu ya vichwa vyao kuelekea baharini. Philip akawaita wageuze, maji yameanza kupwa. Mwanahamisi akashika tena kafi. Hapakuwa na mwingine wa kuwatoa mle.

Mama yake alifariki juma lililofuata, akazikwa adhuhuri, wakati yeye anamenya viazi. Madam alilia naye jikoni, akampumzisha mpaka kesho yake.

Mkataba ulipokwisha, Madam alimwambia sasa anaweza kwenda, baba Lulwa amekubali. Mwanahamisi akauliza kama anaweza kubaki. Dada yake alikuwa ameshaifunga nyumba ya Pangani, amehamia kwa mumewe Korogwe, na hapakuwa tena na mtu wa kumfungulia mlango.