Baada ya Salamu

Kicheko cha ami yake Mahfoudh bado kimo masikioni mwa Nasriya. "Shahada ya fasihi! Basi utatuuzia mashairi sokoni Sib, mwanangu?"

Aliomba kazi mpaka akachoka. Mwishowe kliniki moja ya Darsait, hapo Maskati, ikamweka mapokezi kwa majaribio. Wagonjwa walimpenda, lakini meneja wake, Jaifar, alinung'unika. "Unachelewesha foleni, Nasriya. Ukiendelea hivi, mwezi ukiisha nitakuachisha kazi."

Asubuhi moja akaingia Bi Zuwena, bibi wa Kizanzibari.

"Umeamkaje, bibi?"

"Salama, mwanangu, alhamdulillahi. Nnataka dawa ya kikohozi tu."

Jaifar akamwashiria ampe namba akae. Nasriya hakumpa. Alijua Wazanzibari, watu wa kwao, hujibu "salama" hata nyumba ikiwaka moto, na miaka yote ya chuo alikuwa amejifunza kusikiliza kile ambacho msemaji anakizunguka. Akamshika bibi mkono, akamngoja, foleni ikizidi kurefuka.

"Kifua kinanibana tangu alfajiri," Bi Zuwena akasema hatimaye. "Sikutaka kukusumbueni."

Daktari akaja mbio. Ulikuwa ugonjwa wa moyo, na bibi akawahiwa.

Leo Nasriya ndiye mkuu wa mapokezi, na Jaifar humpelekea kila mfanyakazi mpya akae kando yake atazame. Hana mengi ya kuwaonyesha. Huziacha salamu zote ziishe, humwinamia mgonjwa, kisha humwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Haya, mama. Sasa nambie."